Tende Laki Moja na Tatu

Hapo zamani, katika mji wa Kitundani wenye nyumba mia tano, kasri ikiwamo, alitawala Sultani Jabiri, mkono wa birika hasa. Babake alimwachia wasia: kila Ramadhani tende za ghalani wapewe waliofunga, sawasawa, isikatwe tende wala isibaki hata moja. Ikibaki, zote zirudi ghalani.

Basi Sultani akamwita waziri wake Alawi, bingwa wa hesabu. "Nitafutie idadi isiyogawanyika."

Alawi akajifungia siku tisa, akatoka na idadi yake: tende laki moja na tatu, ziwekwe ghalani kila mwaka. Uigawe kwa mbili, kwa saba, kwa kumi na tisa, yagoma kama punda aliyeona daraja. Asiyesadiki akae agawe mwenyewe.

Ikawa miaka miwili wazee wa mitaa wakijaribu kuzigawa na kushindwa, tende zikirudi ghalani na mji ukifuturu kwa maji. Sultani naye akazidisha: atakayejaribu akashindwa, viboko hamsini.

Mwaka wa tatu, alasiri, Ubwa msuka mikeka akavaa kanzu yake, ile moja aliyokuwa nayo. Mkewe akamzuia mlangoni.

"Baba Time, umepungukiwa? Hesabu ulijifunza wapi wewe?"

"Kwenye kusuka ukili wa mikeka, mke wangu. Niache."

Akafika barazani, watu wamejaa.

"Ewe fukara," akasema Sultani, "utawagawia wangapi?"

"Mmoja, bwana wangu."

"Mmoja?"

"Mimi. Nimefunga tangu alfajiri. Nazichukua zote: hapana iliyokatwa, hapana iliyobaki, wala hapana aliyepata zaidi ya mwenzake."

Baraza likaangua kicheko. Sultani akang'aka, "Alawi! Idadi yako si haigawanyiki?"

Alawi akainama. "Kwa moja, seyyid wangu, hugawanyika. Na kwa yenyewe. Sikudhani yuko mtu mwenye uso mkavu kiasi hiki."

"Haya, zako!" akasema Sultani kwa hasira. "Na mji ukuone ulivyo mlafi!"

Kweli, watu wakaanza kunong'ona, na mmoja akamtupia kandambili. Ubwa akaketi juu ya magunia ya tende. Adhana ya magharibi ikalia. Akapiga bismillahi, akafungua saumu yake kama wafungavyo na kufungua waungwana wote: tende tatu, moja baada ya moja. Akafuta vidole.

"Sasa, Sheikh Alawi, zimebaki ngapi?"

Alawi akafumba macho, akayafumbua yakiwa makubwa. "Laki moja kamili."

"Ukigawa kwa nyumba mia tano?"

"Mia mbili kila nyumba. Haibaki hata moja."

"Basi, jamani, leteni vikapu! Hizi ni zangu, nami nampa nimtakaye."

Wakazigawa hadi isha. Fungu la mwisho Ubwa akalibeba mwenyewe hadi mbele ya kiti cha enzi.

"Za nyumba yako, bwana wangu, mia mbili. Zihesabu taratibu, Ramadhani bado ndefu."