Magari Matatu na Mlima wa Punguza Maneno

Kiti laini hakipandi mlima. Kwetu Kwengolo, huku milimani Usambara, utausikia msemo huu harusini, utausikia kwenye mikutano ya shule, na utausikia kwa mama anayemkataza binti yake mchumba anayenukia marashi kuliko anavyonukia kazi. Asili yake ni siku moja tu, Alhamisi, na mambo yalikwenda hivi.

Ila kwanza mjue sisi tuliupataje. Tulikuwa watatu pale kijitoni wanapooshea magari: mimi, Hizza na Mnkande. Mali yetu ya pamoja ni baiskeli moja isiyo na breki, lakini tulikuwa tunabishana kwa sauti kubwa ni gari la kiwanda gani lililo bora duniani. Hizza alitetea lenye dashibodi ya mbao. Mnkande alisema gari ambalo taa zake hazijakunja uso si gari, ni kabati. Mzee Shekalaghe, dereva mstaafu, alikuwa akinawa miguu jirani yetu. Akasema, "Kiti laini hakipandi mlima," kisha akaendelea kunawa, kama mtu aliyetupa mfupa na anajua mbwa watakuja.

Tukaja.

"Babu, nani alisema hivyo?"

"Aliambiwa mpumbavu mmoja."

"Mpumbavu gani?"

"Mimi."

Basi alivyotusimulia ndivyo nitakavyowasimulia, isipokuwa yeye alikohoa zaidi.

Wakati huo Mzee Shekalaghe alikuwa mwenyekiti wa kamati ya gari la wagonjwa. Kwengolo iko chini bondeni, hospitali iko juu, na katikati umesimama mlima uitwao Punguza Maneno, kwa sababu hakuna aliyewahi kuupanda huku akiongea. Mgonjwa alipandishwa kwa machela, mabegani mwa wanaume wanne. Mwaka mmoja kabla ya siku hiyo, mama mmoja aitwaye Zaina alijifungulia katikati ya mlima, kwenye majani, na mtoto hakupona. Nesi Kidawa wa zahanati yetu ndiye aliyemviringisha mtoto yule katika khanga yake mwenyewe. Aliporudi kijijini aliapa mbele za watu kwamba Zaina hatapanda tena mlima ule kwa machela. Sasa Zaina alikuwa na mimba nyingine, ya mapacha, na umoja wa wakulima wa kabichi ulikuwa umekubali kununua gari.

Wauzaji watatu wakaja kutoka mjini, kila mmoja na gari la kiwanda chake. Majina ya viwanda Mzee hakuyataja, nami sitamsaidia. Kijiji chenyewe kiliyabatiza magari yale kabla injini hazijapoa.

Hapo ndipo likafanyika kosa ambalo ni watu wa Kwengolo peke yao wangeweza kulifanya. Kijiji chetu kimelala ubavu. Ukidondosha chungwa mlangoni pako, anayelila ni jirani wa chini. Sehemu iliyo tambarare ni moja tu, uwanja wa mpira, na kwa kuwa tunauonea fahari, kila jambo la heshima tunalifanya hapo. Magari nayo yakapimwa hapo hapo.

La kwanza likaitwa Sebule. Lilikuwa jeupe, viti vya ngozi rangi ya maziwa, dashibodi ya mbao inayong'aa, na kioo cha picha kikubwa kuliko televisheni ya ofisi ya kata. Ukifunga mlango unasikia "dufu," kama mtu mnene amekaa kwenye godoro. Wajumbe waliingia mmoja mmoja, na kila aliyeingia alitoka akiwa ametulia kama aliyetoka kuogeshwa.

La pili likaitwa Panga. Jekundu, limelala chini, ubavu wake umechongwa kama samaki. Vijana walilizunguka mara nne bila kupumua. Muuzaji aliliendesha kuuzunguka uwanja, likakata kona kana kwamba linasoma mawazo yake.

La tatu halikuzungukwa na mtu. Lilikuwa la mraba mbele, la mraba nyuma, madirisha ya kuzungusha kwa mkono, viti vigumu, na dashibodi ya plastiki tupu yenye vitufe vikubwa kama vya redio ya zamani. Likaitwa Kiberiti. Hata muuzaji wake alilisimamia akiwa ametazama pembeni.

Mwenyekiti Shekalaghe alikaa ndani ya Sebule muda mrefu, akaigusagusa ile mbao ya dashibodi kwa kidole kimoja. Alipotoka alitangaza kwamba mgonjwa naye ni binadamu, anastahili starehe, na kwamba wanaounga mkono wanyooshe mikono. Mikono ilikuwa imefika usawa wa masikio Nesi Kidawa alipotokea akitoka zahanati, viatu vimejaa matope.

"Shikamooni. Mmeshalipandisha?"

"Marahaba, Nesi. Kulipandisha wapi?"

"Mlimani."

"Litapanda tu. Gari lenye mlango unaofunga namna hii litashindwaje?"

Hapa lazima mjue desturi yetu. Kwengolo tenga halinunuliwi likiwa tupu. Mnunuzi hulijaza viazi, akajitwika, akapanda nalo hatua hamsini. Kamba zikilia, anamrudishia fundi, na hakuna anayenuna.

"Mwenyekiti," Nesi alisema, "tenga unalijaza viazi ndipo ulinunue. Gari unalinusa?"

Watu wakacheka. Muuzaji wa Sebule hakucheka. "Mama yangu, gari la maonyesho haliingiwi na matope."

Nesi akavua viatu, akavishika mkononi. "Haya, nimevua. Nifungulie."

Muuzaji akamwangalia Mwenyekiti. Mwenyekiti akaiangalia anga. Nesi akasimama mbele ya boneti.

"Mwanangu, mimi nimesimama hapa. Ama tunapanda mlima, ama unanikanyaga, ama unarudi mjini na sebule yako. Mimi nina siku nzima."

Akaagiza machela iletwe, na boga kubwa. Boga alilifunga tumboni kwa khanga, maana alisema mimba ya mapacha haikunjiki kama gazeti, na anayepima gari la wazazi akiwa na tumbo tupu anajidanganya.

Ndani ya Sebule machela haikuingia. Nesi akaketi upande kwenye ile ngozi laini na safari ikaanza. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na udongo mwekundu wa Punguza Maneno ulikuwa kama sabuni. Kwenye kona ya pili magurudumu yakazunguka bila kwenda, Nesi akazama kitini, boga likahamia mgongoni. Gari likashuka kinyumenyume, muuzaji akisoma dua zote alizofundishwa utotoni.

Panga lilianza kwa shangwe. Lilizipita kona zote mbili kwa madaha, Mzee mwenyewe alikiri, hajawahi kuona usukani mwepesi vile. Lakini baada ya kona ya pili kuna mfereji unaokata barabara. Panga likainamisha pua, bampa likauma udongo, likakwama hapo. Vijana walewale waliolizunguka mara nne ndio waliolisukuma kulirudisha, na safari hii walipumua sana.

Ungedhani Mwenyekiti angesalimu amri. Hapana. Mtu akishakaa kwenye ngozi rangi ya maziwa, kutoka ni kazi.

"Nesi, tatizo ni barabara," alisema. "Tujitolee, tuuchonge mlima. Miezi mitatu tu. Gari kama Sebule halipatikani mara mbili."

"Zaina amebakiza wiki mbili."

"Lakini hili la tatu ni kiberiti, Nesi! Kaa uone. Kiti kama dawati la darasa la kwanza. Mgonjwa atasema tumemdharau."

Nesi alikuwa na matope hadi magotini, boga limeinama upande mmoja. Hakupandisha sauti.

"Mwenyekiti, kiti laini hakipandi mlima. Ingia. Endesha wewe."

Uwanja mzima ukamtazama, naye akaingia.

Machela iliingia yote, miguu ya Nesi ikanyooka, na ubavuni pakabaki nafasi ya mtu kupiga magoti. Usukani ulikuwa mzito kweli. Lakini, alituambia Mzee akikunja vidole kama bado ameushika, ulikuwa msema kweli. Tairi likikanyaga jiwe, kiganja kinajua ni jiwe. Likitaka kuteleza, unaarifiwa mapema. Kona ya kwanza, kona ya pili, wakaufikia mfereji, Kiberiti kikaupita kwa miguu yake mirefu kama korongo. Kiliunguruma, kikatikisa meno ya watu, kikafika juu. Mlinzi wa hospitali alikuja mbio na kiti cha magurudumu, akamkuta nesi anafungua khanga na kutoa boga.

"Limezaliwa salama," Nesi alimwambia. "Mwenyekiti, geuza gari."

Wakalinunua lile lile.

Siku ya tisa, saa sita mchana, uchungu ukamshika Zaina. Mzee Shekalaghe aliendesha, Nesi Kidawa amepiga magoti nyuma, amemshika mkono. Hakuna aliyesema neno mpaka getini. Jioni mapacha wakalia, wote wawili wa kike.

Kesho yake Mwenyekiti alikwenda wodini kuwapa hongera. Alisimama mlangoni akizungusha kofia mkononi, kwa sababu jambo moja lilikuwa bado linamsumbua.

"Mama, utuwie radhi," akasema. "Najua kile kiti kilikutesa. Kigumu mno."

Zaina alikuwa na mtoto mmoja kila mkono. Akainua uso, akafikiri kwa dhati kabisa.

"Kiti kipi?"

Mzee alipofika hapo alirudi kunawa miguu. Hizza alifungua kinywa atuambie jambo kuhusu mbao za dashibodi, akakifunga. Ndiyo maana Kwengolo, ukitusifia kitu ambacho hakijabeba mzigo, tutakusikiliza kwa adabu, kisha tutakwambia: kiti laini hakipandi mlima.