Zamu ya Nakiete

Leo ni Jumamosi, tarehe 14 Juni. Tangu alfajiri ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na manyunyu hayajakatika, kwa hiyo hakuna atakayepalilia tangawizi asubuhi hii. Sogeeni motoni, wajukuu zangu. Jana mlimsikia mwenyekiti wa kitongoji akiwajibu wale waliotaka yule kijana aliyeiba kuku apelekwe polisi tu, yaishe. Alisema, "Kumfunga mtu si kufunga kidonda." Mkaniuliza maneno hayo ni ya nani. Ni ya mtu wa hapa hapa kwetu, nami nilikuwepo alipoyatamka. Methali hii ilianza hivi.

Mnaijua ndiva yetu, lile bwawa la juu. Jioni tunaliziba, usiku linajaa, asubuhi mwenye zamu analizibua na kupeleka maji shambani kwake. Mnajua pia kwamba siku ya mazishi ndiva haizibuliwi. Aliyekuwa na zamu anapewa kesho yake, na wote wanaomfuata wanasogea siku moja.

Wifi yangu Nakiete, mjane, alikwenda kumwagilia siku ya zamu yake. Alikuwa ameinama mferejini, kijana mmoja wa hapa kijijini, Mbazi, akamjia kwa nyuma na jembe.

"Mwizi wa maji! Leo ni zamu yangu!"

Kabla hajageuka, mpini ulimshukia mkononi, ukamvunja mfupa.

Mbazi alifungwa miaka mitatu. Kijiji kikasema haki imetendeka, yamekwisha. Ni kweli, mfupa uliunga. Lakini Nakiete hakurudi ndivani. Akisikia jembe likigonga jiwe nyuma yake, alitetemeka mpaka akakaa chini. Zamu yake ilipofika, maji yalikwenda kwa wengine. Tangawizi yake ikanyauka, akawa anapalilia mashamba ya watu apate chakula. Na lililomchoma zaidi ni hili: Mbazi alishikilia mahakamani kwamba aliibiwa zamu, na wako waliomwamini bila kujisumbua kuzihesabu upya zamu. Wanawake walinong'ona akipita, "Huyo, mama wa maji ya wizi." Nilikuwa nikisali naye jioni. Nafuu ilikuja, kisha ikaondoka tena.

Mbazi alipotoka gerezani, alimwomba mchungaji aliyekuwa akiwatembelea wafungwa aende kumuuliza Nakiete kama angekubali kumsikiliza. Asipotaka, asilazimishwe. Nakiete alifunga siku nzima akiomba. Jioni akasema, "Aje. Lakini akae mahali ninapoiona mikono yake."

Basi Mbazi akaja na mama yake. Mchungaji alikaa karibu na mlango, mimi nikakaa ubavuni mwa wifi yangu.

"Mama Nakiete, naomba unisamehe," Mbazi akaanza.

"Ngoja kwanza. Usiniharakishe kwa msamaha kama ulivyoniharakisha kwa jembe. Walikufunga, wakaniambia yamekwisha. Mbona mimi bado nauogopa mfereji? Kumfunga mtu si kufunga kidonda, Mbazi. Niambie mbele ya mama yako: niliiba zamu yako?"

Mbazi alitazama chini. "Hapana, mama. Wiki ile nilikuwa nimeshuka gulioni. Sikujua kwamba mzee Kiondo amefariki na mmeshamzika. Nikahesabu zamu kama vile hakukuwa na msiba. Mama alinieleza alipokuja kunitazama gerezani. Nikaona aibu, nikanyamaza."

"Ulijua, ukaniacha niitwe mwizi?"

"Nilijua, mama."

Nakiete alilia sana. Hakuna aliyemnyamazisha, hata mchungaji. Kisha akajifuta uso kwa kanga, akasema, "Maneno haya hayatoshi kusemwa humu ndani. Uliniita mwizi ndivani. Ukayaseme ndivani."

Siku ya msaragambo, tunapokusanyika wote kuzoa tope la ndiva, Nakiete alikwenda akiwa ameushika mkono wangu. Mbazi aliweka jembe lake chini, akaomba kusema neno.

Mzee mmoja akadakia, "Haya, jela imemfundisha hotuba! Na tope je, imemfundisha kuzoa?"

Watu wakaangua kicheko. Mbazi akasubiri kitulie, ndipo akasema, "Ile zamu ilikuwa ya Mama Nakiete. Aliyekosea kuhesabu ni mimi. Hajaiba maji ya mtu yeyote. Mimi nilimvunja mkono, kisha nikamvunjia jina."

Wale waliokuwa wakinong'ona wakainama kutazama tope.

Nakiete akauachia mkono wangu. Hakusema kwamba amemsamehe. Hilo lilikuja baadaye, polepole, kwa neema ya Mungu. Siku ile aliwageukia watu, akasema, "Mmesikia wenyewe. Kumfunga mtu si kufunga kidonda. Changu ndiyo kwanza kinafungwa leo." Kisha akamtazama yule kijana. "Sasa, Mbazi, zamu yangu ni kesho. Utafanya nini?"

Mbazi alinyoosha mikono yake mitupu, akasema kwa sauti, kijiji kizima kikishuhudia:

"Kesho asubuhi nitakuzibulia ndiva, na kila zamu yako nitakuja, mpaka utakaponiambia basi. Nikibeba jembe nitatangulia mbele, uione mikono yangu. Nyuma yako, mama, sitapita tena."