Bwana Vishimo Katika Chumba cha Mzazi

Hapo zamani za kale, enzi panya walipokuwa wakikandwa maji moto baada ya kujifungua, Bi Mkasi alizaa watoto sita katika shimo lenye giza chini ya kichuguu. Siku ya tatu, adhuhuri, akasikia magamba yakiburura mchanga mlangoni: chwaa, chwaa.

Alikuwa Bwana Vishimo, nyoka. Huyu, wanangu, alikuwa na vishimo viwili usoni, kila upande kimoja, kati ya jicho na pua. Ndani ya kila kishimo mna utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu, umejaa ncha za mishipa ya fahamu. Joto likiugusa tu, habari hukimbia hadi kwenye ubongo. Mume wa Bi Mkasi alijificha majanini mwezi uliotangulia, akatulia tuli, lakini joto lake likamfichua, na hakurudi nyumbani.

"Hongera, mzazi," akasema nyoka. "Wako sita. Usihangaike kuwaficha, kuta zako baridi zinawaanika wazi. Niingie niwatazame?"

Bi Mkasi akawakumbatia wanawe. Atakimbiaje na watoto sita ambao hawajafumbua macho? Lakini lile neno la kuta baridi likamkaa kichwani.

"Mzazi anakandwa, bwana," akajibu. "Mwanamume mwenye adabu haingii."

Bwana Vishimo alipenda sana kusifiwa adabu. Akajikunja mlangoni, akangoja.

Ndani, Bi Mkasi na wifi yake, Zamda, wakapanga makaa kando ya kuta, wakamwaga maji moto sakafuni, wakafukiza udi mpaka pua zikawawasha. Chumba kilipata joto polepole mno. Mtoto mmoja akalia, mama akamnyamazisha kwa titi. Aliogopa joto likizidi watoto watakufa, na likipungua wataliwa. Akawa anagusa ukuta, kisha tumbo la mtoto, tena ukuta, mpaka vikalingana. Hapo wakafukia makaa, wakaweka katikati jungu la uji wa pilipili manga, likitokota bwata-bwata.

"Bado tu?" akauliza nyoka.

"Karibu," akasema Bi Mkasi.

Akaingia. Akageuza kichwa huku na huku, kila upande joto ni lile lile. Ulimi wake wa kunusia nao ulimletea udi mtupu. Kitu kimoja tu kiliwaka mbele yake, kikubwa, kinene, na vishimo vyake havijawahi kumdanganya. Akajua ndiye mzazi mwenyewe. Akajirusha.

Kwaa! Meno yakavunjika kwenye jungu, uji ukamfurikia usoni na kujaza vishimo vyote viwili. Akatoka akijigonga kuta, wala hakujua mlango uko wapi mpaka alipouparamia.

Zamda alicheka mpaka akakaa chini. Bi Mkasi hakucheka. Aliwahesabu watoto wake, akawahesabu tena.

Basi wanangu, adui anayejisifu mbele yako amekwisha kukupa silaha.