Majivu Nyuma ya Mlango

Mwanamke mmoja alikuwa na ufagio. Jina lake Subilaga, na mji wake ulikuwa wa mlimani, ambako ukungu huingia majumbani alfajiri bila kubisha hodi na kuondoka saa nne bila kuaga. Alikuwa na ndoo pia, na matambara mawili, na kigoda cha kupandia. Lakini watu walipomtaja walitaja ufagio. Aliufunga mwenyewe kwa nyasi za bondeni, na alipofika nyumbani kwa mtu hakuanzia sebuleni kama wengine. Alianzia nyuma ya milango.

Mlango una uso na una kisogo, alizoea kusema, na uchafu hukaa kisogoni. Basi aliingia chumbani, akaurudisha mlango, akainama, akafagia mahali ambapo mwenye nyumba hajapatazama tangu ahamie. Baada ya hapo ndipo alipofungua dirisha na kuendelea na mengine. Wenye nyumba walirudi jioni wakasimama katikati ya chumba, wasijue ni kitu gani hasa kilichobadilika, ila walijisikia wepesi. Wakamwambia jirani, jirani naye akamwambia shemeji yake. Na wote hao, hata wale wasiomfahamu vizuri, walimwachia funguo zao wakaenda kazini bila wasiwasi.

Nyumba moja ikawa tatu, na tatu zikawa saba. Subilaga alizitundika funguo ukutani juu ya jiko lake la kuni. Ukungu ulipopenya alfajiri, zilitikisika zikatoa mlio mdogo, naye akalala kidogo zaidi akizisikiliza. Miezi ile aliishi kama mtu anayetembea ndotoni, ndoto njema, asitake kuamshwa.

Ufunguo wa kumi na moja ndio uliomwamsha. Mkono mmoja haulei mwana, na mgongo mmoja hauinamii nyumba kumi na moja. Akatafuta watu. Wa kwanza alikuwa na maneno matamu, akafanya kazi siku nne, siku ya tano akaomba ruhusa ya kwenda kumzika mjomba, na mpaka leo bado anamzika. Wa pili alikuwa na haraka. Alipiga deki juu ya vumbi na kuacha sakafu yenye mito na mabonde. Wa tatu alikuja Tusekile, mjane mwenye watoto wawili na kilemba chekundu, mtu wa maneno machache. Tusekile alioneshwa nyuma ya mlango mara moja tu. Hakuhitaji kuoneshwa tena, na wanawake wawili waliokuja baada yake walijifunzia kwake.

Sasa kazi ingeweza kwenda. Lakini wateja hawakufurahi. Walimsimamisha Subilaga sokoni, wakamsimamisha nje ya kanisa, wakamwambia, "Mama, tulikuzoea wewe. Tunakutaka wewe, si watu wako." Neno hilo lilimuuma, kwa sababu kazi ilikuwa haijaharibika. Na lilikuwa tamu. Naomba mkumbuke kwamba lilikuwa tamu, kwa maana uchungu peke yake usingemfikisha alikofika.

Siku moja mteja mmoja alikuta utando wa buibui nyuma ya mlango wa stoo. Utando mmoja tu, wa buibui mmoja mwenye bidii. Subilaga aliomba radhi, akarudi nyumbani, akaketi mbele ya jiko lililozimika akiyatazama majivu. Alfajiri yake alichota kidogo kwa vidole vitatu, akayafunga katika pindo la kanga kama watu wafungavyo senti, akachukua funguo. Kabla wanawake wake hawajafika kazini, alipita nyumba moja hadi nyingine ndani ya ukungu, akadondosha majivu kidogo nyuma ya kila mlango. Jioni angepita tena kuangalia. Yakiwa hayapo, mtu amefagia. Yakiwapo, amemjua mvivu wake. "Kikulacho ki nguoni mwako," alijiambia, akikaza fundo la kanga.

Wale wanawake wawili hawakumaliza miezi mitatu. Mmoja aliacha majivu siku ambayo mtoto wake alikuwa na homa, na Subilaga akamwachisha kazi bila kumuuliza aliamkaje. Mwingine aliyaacha mara mbili. Tusekile peke yake hakuacha hata chembe. Ungedhani bosi wake angeshukuru na kulala. Lakini aliporudi jioni na kukuta pasafi, Subilaga hakufurahi. Alihisi kama mtu aliyetega mtego akaukuta mtupu. Kesho yake aliyaweka mahali pagumu zaidi, chini ya mguu wa kitanda, juu ya fremu ya mlango. Tusekile akayapata. Subilaga akayaweka ndani ya kiatu cha zamani kilichosahauliwa mvunguni. Tusekile akayapata. Watu wasiomjua vizuri walimwachia yeye nyumba nzima, naye hakuweza kumwachia Tusekile kona moja.

Katika siku hizo aliota ndoto. Alikuwa katika nyumba ndefu asiyoifahamu, chumba kikifungua chumba, na ukungu umejaa hadi magotini. Alikuwa akifagia. Kila mlango alioufunga nyuma yake, alisikia upande wa pili mtu mwingine akifagia vilevile, taratibu, kwa ufagio wa nyasi. Akiufungua ghafla hakukuta mtu, alikuta majivu. Akayafagia, akaingia chumba kingine, akijivunia usafi aliouacha, wala hakugeuka kutazama alikotoka. Alipoamka alikuwa na hakika kwamba ndoto ile inawahusu wafanyakazi wake.

Ndipo akaja Bwana Mwaisumo, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba kumi na viwili pale juu penye mikaratusi. Alikuwa anapokea wageni wa harusi siku ya Jumamosi. Akamwambia Subilaga kwamba wakipumzika vizuri, nyumba ile itakuwa ya kwake kuisafisha mwaka mzima, na nyingine yake ya mji wa chini pia. Wakilalamika, asimwone tena. Kazi kama ile ilikuwa haijapata kumfikia mtu yeyote mwenye ufagio katika mji ule. Subilaga akaajiri wanawake watatu wapya, akamweka Tusekile awaongoze.

Ijumaa alfajiri aliweka majivu katika vyumba vyote kumi na viwili. Ijumaa jioni alikagua. Alifunga kila mlango akiwa ndani, akainama, akapitisha kidole. Hakukuwa na kitu. Mashuka meupe yalikuwa yamenyooshwa, sakafu ziling'aa, na hewa ilinuka sabuni na majani ya mkaratusi. Mtu mwingine angeimba. Yeye alisimama katika chumba cha kumi na mbili, akasema peke yake: wameshajua ninapoyaweka.

Kwa hiyo Jumamosi, kabla ya jua, alirudi. Wanawake wangefika saa moja kufuta mara ya mwisho, na wageni walitazamiwa saa saba mchana. Aliona hakuna cha kuharibika. Safari hii aliyaweka mahali ambapo hajawahi, katika mikunjo ya mapazia, kwenye ubao wa kitanda karibu na mto. Vidole vyake viliganda kwa baridi, na aliposogelea dirisha la mwisho alilifunga fundo la kanga vibaya, likabaki limelegea. Kisha akamrudishia Bwana Mwaisumo funguo za vyumba.

Gari la wageni halikungoja saa saba. Dereva alikuwa amewahi, wakashuka katika ukungu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wamechoka, wanacheka, wamebeba mabegi. Bwana Mwaisumo aliwafungulia vyumba kwa mkono wake mwenyewe. Akasukuma madirisha ili waone bonde, kwa kuwa alijivunia bonde lile. Upepo ukaingia. Mapazia yakapepea kama mtu anayekung'uta nguo, na majivu yakashuka polepole, laini, juu ya mashuka. Katika chumba cha tatu shangazi wa bibi harusi alikuwa ametangulia kutundika gauni la harusi kwenye fimbo ya pazia. Alipoligusa ili kulipangusa, majivu yakashika kitambaa, na alama ya vidole vyake vinne ikabaki kifuani mwa gauni.

Saa moja wanawake walifika, wakapangwa barazani. Tusekile alisimama mbele, kilemba chake chekundu kimelowa ukungu. Subilaga alisimama kando ya Bwana Mwaisumo, mkono wake umeshika pindo la kanga. Bwana Mwaisumo hakupaza sauti. Alisema, "Mama Subilaga, niambie ni nani kati ya hawa. Mwondoe mbele yangu, na kazi itabaki yako."

Subilaga aliwatazama wanawake wake. Aliona mikono ya Tusekile, jinsi ilivyopasuka kwa maji na sabuni. Aliona pia funguo kumi na mbili zikining'inia kidoleni kwa Bwana Mwaisumo. Akafungua kinywa, na alilolisema lilikuwa la kweli, kila neno. Alisema, "Tusekile ndiye aliyesimamia vyumba."

Tusekile aligeuka. Akaingia chumba kilichokuwa karibu, akapitisha kidole kwenye ubao wa kitanda, akatoka akikisugua taratibu. Nyumba ile ilipikia gesi. Tangu siku ya kwanza alikuwa ameyajua majivu yale, majivu ya kuni katika vyumba visivyo na jiko, na alijua ni nani anayetangulia na funguo alfajiri. Aliyazoa na kunyamaza kwa heshima, kama mtu anavyomfichia mama yake aibu. Sasa alimkaribia Subilaga, akaulaza ufagio miguuni pake, na hakukuwa na hasira katika sauti yake. "Uchafu wa wateja nilijua pa kuutupa, Mama," alisema. "Huu wa kwako nimeuzoa mwaka mzima, na leo sina tena pa kuuweka."

Akashuka ngazi. Wale watatu wapya wakatazamana, wakalaza fagio zao juu ya ule wa kwanza, wakamfuata. Ukungu ukawapokea mmoja mmoja.

Bwana Mwaisumo hakuelewa lile neno, wala hakujali. Alikuwa ametaka mmoja aondoke na wameondoka wanne. Akamkabidhi Subilaga funguo. "Safisha mwenyewe," akasema. "Sisi tangu mwanzo tulikutaka wewe."

Basi hayo ndiyo aliyoyapata, na ndiyo aliyoyatamani siku zote. Yeye, si watu wake. Wageni walikwenda kunywa chai kwenye chumba cha chakula, na Subilaga akauokota ufagio mmoja katika zile nne. Akaingia chumba cha kwanza, akaurudisha mlango, akainama. Alifagia kama alivyofagia zamani, alipokuwa na nyumba moja. Akabadilisha mashuka, akakung'uta mapazia nje ya dirisha, akaingia cha pili. Nyumba ilikuwa ndefu na kimya, na ukungu ulikuwa umetambaa ukumbini hadi magotini. Kila alipofunga mlango alisikia upande wa pili mtu akifagia taratibu, lakini alijua ni nyasi za ufagio wake mwenyewe zikirudisha sauti ukutani. Alilia kidogo katika chumba cha tano. Katika cha tisa alianza kujipa moyo, kwamba watu wapya hupatikana, kwamba jina lake limesalimika.

Alipomaliza cha kumi na mbili alitokea ukumbini na, kwa mara ya kwanza, akageuka kutazama alikotoka. Sakafu ilikuwa inang'aa. Juu yake, kuanzia mlango wa kwanza, kuingia na kutoka kila chumba, hadi pale aliposimama, ulikwenda mstari mwembamba wa kijivu. Akautazama mpaka ulipoishia, karibu na kisigino chake. Ndipo akalishika pindo la kanga, na fundo likafunguka lote mkononi.

Dirisha la mwisho lilikuwa wazi. Ukungu ulikuwa unaanza kuinuka, na kule chini, kwenye kona ya barabara ambako mikaratusi inaishia, aliona kilemba chekundu. Kilikuwa kidogo sana, lakini bado hakijapotea. Mtu angekimbia angeweza kukifikia. Ukumbini, sauti za wageni zilikuwa zinakaribia, na ya Bwana Mwaisumo ilikuwa mbele yao. Ufagio ulikuwa mkononi, na mstari ule ungefutika kwa muda wa kuhesabu mia, wala hakuna ambaye angejua.

Wengine wanaoisimulia habari hii husema alikimbia. Wengine husema alifagia. Mimi sikuwapo, na siwezi kuwaambia. Ila ninyi mliopewa watu wa kuwaongoza, mkafunga kitu katika pindo ili kuwapima, ninyi mngefanya lipi?