Sultani Aliyeiamuru Bei ya Mtama

Zamani, majini walipokuwa bado na mabwana wa kuwatumikisha, mji wa Sarmadi, uliokaa baina ya jangwa na milima, ulitawaliwa na Sultani Muntasiri bin Ghalibu, mtu mwenye huruma nyingi na subira kidogo, na mchanganyiko huo, Mola atunusuru, umekwisha kuzika watu wengi kuliko ukatili. Kidoleni alivaa pete ya akiki, na ndani ya pete alifungwa jini aitwaye Harkabu, na kila alichoamrishwa Harkabu alikitenda papo hapo, bila kuuliza kama ni cha busara au ni cha upumbavu.

Mwaka mmoja mvua zilipungua kule milimani unakotoka mtama, na pishi iliyokuwa ikiuzwa kwa dirhamu moja ikapanda hadi dirhamu tatu. Wajane wakaenda kulia chini ya roshani ya Sultani, naye akalia pamoja nao, na machozi hayajamkauka akaisugua pete na kupiga mbiu: "Tangu leo pishi ya mtama ni dirhamu moja. Kila atakayetoa zaidi, na kila atakayepokea zaidi, mkono wake na ugeuke jiwe, na jiwe hilo limpande mpaka moyoni!" Mji mzima ukashangilia, na ngoma zikapigwa, na Sultani akaombewa umri mrefu. Wiki iliyofuata watu wakaenda sokoni na dirhamu zao viganjani, wasikute hata punje. Misafara ilikuwa imesikia habari ya bei hiyo ikiwa bado njiani, ikageuza ngamia ikarudi ilikotoka.

Basi mjini humo alikuwapo dalali wa nafaka, Mwenye Jamali, mzee wa watu, na binti yake Zaituni aliyerithi kazi yake. Na desturi ya Sarmadi ilikuwa kwamba nafaka hainadiwi kwa mdomo. Muuzaji na mnunuzi waliingiza mikono yao ya kuume chini ya kitambaa, wakasemezana kwa vidole, kila kidole kilichobanwa ni dirhamu moja, na kuvuta mkono ni kukataa, na kukamata kiganja kizima ni kukubali, na hapo hakuna kurudi nyuma ingawa mbingu zianguke. Dalali huweka mkono wake juu ya kitambaa, akashuhudia. Hivyo hakuna aliyeaibika mbele za watu kwa unyonge wake au kwa tamaa yake.

Mwenye Jamali alipoona majiko ya majirani yamepoa, na watoto wamenyamaza kwa kukosa hata nguvu za kulia, alikwenda jangwani akamkuta mwenye ngamia mmoja aliyechelewa, akanunua gunia zima kwa akiba yake, kwa dirhamu tatu kila pishi. Majirani walikula. Yule mwenye ngamia alitokomea jangwani akipiga mayowe, mkono wake nao umegeuka jiwe, na Mwenye Jamali akarudi nyumbani akiwa amebeba mkono wake kama mtu aliyebeba mzigo wa mwenzake, kwani tangu vidoleni hadi kiwikoni ulikuwa jiwe tupu.

"Baba, umefanya nini?" akalia Zaituni.

"Nimenunua chakula, mwanangu. Hii ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote." Naye akalala chali asitikisike, maana jiwe lile humpanda upesi anayehangaika. Lakini hata kwa aliyetulia lilipanda, na siku Zaituni alipoona limevuka bega na kuanza kutambaa kifuani, alijitanda buibui lake akaenda kwa Sultani.

Akapiga magoti barazani, akasema, "Ee maulana, kivuli cha wanyonge, sikuja kumwombea baba yangu msamaha. Nimekuja kuuliza. Mtama uko wapi?"

"Umefichwa!" akadakia Waziri Subeti, aliyekuwa ameshiba, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa. "Walanguzi wameufungia maghalani, maulana, wanangoja huruma yako ichoke."

"Mtama haukufichwa," akasema Zaituni. "Umekataa kuja."

Sultani akakunja uso, kwa kuwa hakuna kinachomuuma mtu mwema kama kuambiwa wema wake umedhuru. Akasema, "Basi tutakwenda milimani, mimi nawe, na mimi nitajifanya mnunuzi. Nikimwona mkulima mmoja tu asiyeweza kuuza kwa bei yangu bila kuangamia, nitaiondoa sheria. Lakini nikikuta ghala limejaa na mwenyewe amelifunga kwa tamaa, wewe na baba yako mtakuwa nguzo mbili za lango langu. Na ukimwambia mimi ni nani, umeshindwa."

Zaituni aliogopa. Akakumbuka pumzi za baba yake zinavyokatika, akasema, "Nimeridhia."

Pete ikasuguliwa, na Harkabu akawachukua, na kufumba na kufumbua wako milimani, mbele ya nyumba ya kijana mmoja aitwaye Mundhiri, naye alikuwa akishona magunia. Na nyuma yake mlango wa ghala uko wazi, na ghala limejaa mtama hadi kwenye kenchi za paa!

Sultani akatabasamu tabasamu lisilo na heri.

"Bwana kijana," akasema, "Sarmadi watu wanakufa kwa njaa, nawe umekalia neema yote hii?"

"Karibuni kwanza, mketi," akajibu Mundhiri, kwani watu wa milimani hawagombani na mgeni aliyesimama. Walipoketi akaendelea, "Unaona ghala limejaa, bwana mkubwa, lakini hulijui. Ule mtama wa ukutani ni mbegu, nao hauliwi hata tukifa. Wa katikati ni wa kutulisha mimi na mama yangu na wadogo zangu hadi mavuno. Huu wa mlangoni ndio wa kuuza. Sasa nisikilize. Tangu mvua zipungue njia imepanda bei: mwenye kisima cha jangwani anataka chake kwa kila ngamia anayekunywa, na mwenye ngamia anataka chake, na walinzi wa njia wanataka chao. Pishi ikifika Sarmadi imekwisha kula karibu dirhamu mbili. Nikiiuza kwa moja, nimemlipa mnunuzi ili anichukulie mtama wangu. Mwaka huu nitauza mbegu kufidia, na mwakani nitapanda nini, mawe?"

Zaituni akashusha pumzi, maana jibu lilikuwa wazi mno. Lakini Sultani aliwaza moyoni, "Kila mlanguzi ana maneno matamu." Akasema, "Tandika kitambaa, dalali. Nataka mtama wa kukabidhiwa sokoni Sarmadi."

Zaituni akatandika, akaweka mkono wake juu. Sultani akabana kidole kimoja, na Mundhiri akavuta mkono akicheka. Wakarudisha mikono. Sultani akabana viwili, na Mundhiri akasita, akafikiri, akavuta tena, safari hii bila kucheka, kwani alihitaji hata hicho kidogo kitakachobaki. Wakarudisha. Na Zaituni akahisi chini ya kiganja chake kidole cha tatu kikibanwa, akafahamu. Huyu hakutaka kununua. Alitaka kijana akubali tu, ageuke jiwe, kisha aonyeshwe watu kuwa ndiye mlafi aliyewanyima chakula. Kule milimani habari ya bei ilikuwa imefika, ya jiwe bado.

Akinyamaza na kutii, pengine Sultani angemwonea baba yake huruma. Akisema, nani ajuaye? Moyo ukampasuka mara mbili, na kinywa kikasema chenyewe: "Vuta mkono, kijana! Vuta!"

Mundhiri alikuwa amekwisha kukamata kiganja.

Yowe lilitoka kwa watu wawili. Kitambaa kilianguka, na mikono yote miwili ilikuwa imeshikana, nayo ni jiwe moja la kijivu.

"Harkabu!" akapiga kelele Sultani. "Una wazimu? Mimi ni bwana wako!"

Harkabu akasimama juu ya ghala, mrefu, mtulivu. "Maulana, ulisema kila atakayetoa. Sikusikia ukijitoa."

"Nifungue mimi, basi!"

"Sheria ni moja. Niiondoe kwa wote, au niiache kwa wote."

Sultani akahangaika, na jiwe likapanda kiwikoni. Akahangaika zaidi, likafika begani. Mundhiri alikuwa ameuma midomo, ametulia, akimtazama mama yake aliyekuwa akija mbio kutoka shambani. Na Sultani, tumtendee haki, hakuwa akijililia nafsi yake peke yake. "Nikiiondoa," akasema huku akitweta, "bei itarudi tatu! Nani atamlisha mjane, Zaituni? Nani?"

"Wewe, maulana!" akasema Zaituni, na sasa alikuwa akimfokea sultani kama anavyofokewa mtoto aliyechezea moto. "Hazina ni yako! Mpe mjane dirhamu anunue, usimnyang'anye mkulima! Hukuwa na huruma, ulikuwa na huruma ya kutumia mfuko wa mwingine! Bei ni tarishi, imekuja kukwambia milimani kumekauka na njia ni ghali, nawe ukamkata tarishi kichwa. Chimba visima njiani. Waache waje, waje wengi, washindane wao kwa wao. Bei rahisi ya kulazimishwa tumeiona, ni sufuria tupu. Baba yangu anakufa, maulana, na huyu anakufa, nawe unakufa, na mjane wako kule amekwisha kufa! Sema!"

Jiwe lilikuwa limegusa shingo. Midomo ya Sultani ilikuwa ikisogea kwa taabu.

"Naiondoa," akasema. "Kwa wote."

Mikono ikaachana, na damu ikarudi, na kwa uchungu wa damu kurudi wote wawili wakalia mbele ya mama yake Mundhiri bila haya.

Zaituni alipofikishwa Sarmadi hakungoja kuagana. Alikimbia uchochoro mzima, akausukuma mlango. Baba yake alikuwa ameketi kitandani, anaukunja mkono wake na kuukunjua.

"Unawasha," akasema mzee. "Mwanangu, unawasha sana."

Zaituni akauweka mkono ule shavuni mwake, akalia kwa furaha mpaka majirani wakaja.

Hadithi ingeishia hapo kama watu wangekuwa na shukrani. Msafara wa kwanza ulifika na kuuza kwa tatu, na ingawa Hazina iliwagawia wajane na maskini, walalamishi walimtupia Zaituni maganda: "Binti Jamali ametuuza!" Waziri Subeti akamnong'oneza Sultani airudishe sheria, na kidole cha Sultani kikaenda kwenye pete, kikakaa hapo. Zaituni alisimama mbele yake. Na Sultani Muntasiri, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akasubiri.

Ukaja msafara mwingine, na mwingine, hata wa nchi ambazo hazijawahi kuijua Sarmadi, kila mmoja umevutwa na zile dirhamu tatu. Visima vikachimbwa, na wachimbaji wakalipwa, na mwenye kisima cha zamani akapunguza ushuru wake kwa hofu ya kukosa wateja. Soko likafurika, na wauzaji wakaanza kugombea wanunuzi, na bei ikashuka hadi mbili, kisha mvua zikanyesha, na ikashuka tena.

Mundhiri alileta mtama wake, na pamoja na mtama akaleta posa, na Mwenye Jamali akaikubali kabla ya kijana kumaliza maneno. Zaituni akawa shahibandari, yaani msimamizi, wa soko la nafaka, na utajiri wao ukawa wa halali na wa kutosha.

Na siku ya harusi, Sultani akiwa ameketi kwenye kiti cha heshima na sahani ya wali imejaa mbele yake, akaambiwa kuwa asubuhi hiyo pishi imeuzwa kwa dirhamu moja. Akashtuka, akaisugua pete upesi.

"Harkabu, nani amekuamuru?"

"Hapana aliyeniamuru, maulana," akasema jini, akipiga miayo. "Tangu siku ile nimelala."

Hapo ndipo nilipoikuta na hapo ndipo ninapoiacha. Mwenye huruma na aitoe mfukoni mwake, na anayetaka mji ushibe na amwache mkulima abaki na mbegu.