Rimu za Vidole Vinne

Wapendwa, leo nawaanzia na gari. Msitazamane. Najua wengine mmekuja kwa miguu na wengine mmeshushwa na bodaboda hapo getini, lakini kaeni vizuri mnisikilize, maana gari hili lina kesi na sisi.

Kulikuwa na dereva mmoja wa zahanati, huko milimani ambako barabara huishia kwenye korongo. Zahanati ilikuwa upande wa chini. Upande wa juu, ng'ambo ya korongo, kulikuwa na vitongoji vitatu, na watu wa huko kwa miaka mingi walibeba wagonjwa wao kwa machela, wanaume sita wakipokezana mabega. Wengi walifika. Wengine walifika wamefunikwa.

Kisha zahanati ikapewa gari. Kigari kidogo, kifupi, cha kupanda milima, ukikiona unadhani kimekatwa nyuma. Watu wa juu walifurahi mno, wakaitana msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kujenga daraja. Lakini msitu wao ulikuwa umebaki na miti miwili tu yenye urefu wa kuvuka korongo lile. Miwili! Wangefanyaje? Seremala wao akasema gari lisogezwe hadi ukingoni. Akachora chini pale magurudumu yanapokanyaga, kushoto na kulia, na magogo yale mawili, yaliyochongwa juu kwa tezo yakawa bapa, yakalazwa sawasawa na michoro ile. Gogo moja gurudumu la kushoto, gogo moja gurudumu la kulia. Katikati, hewa tupu mpaka mtoni. Lori lisingepita pale, wala gari la mkuu wa wilaya. Kilipita kigari kile tu, kwa sababu daraja lilijengwa kwa kipimo chake.

Dereva alikuwa mtu mwema. Nataka mlijue hilo mapema, msije mkamtupia mawe mkidhani ni jambazi fulani. Aliamshwa alfajiri na akaamka. Alipakia wazee, akapakia kina mama wenye uchungu, na gari likitapikiwa alilifuta mwenyewe bila kunung'unika. Ng'ambo kule kina mama walimwita shemeji.

Ila alikuwa na kidonda kimoja. Kila akishuka mjini kuchukua dawa, madereva wenzake walimcheka. "Kigari chako hicho unakiendesha au unakivaa?" Na magari yao yalikuwa yametanua miguu, matairi yamechomoza nje ya bodi, yamekaa chini imara kama mwanamieleka anayengoja mpinzani. Yeye akiegesha lake pembeni, lilionekana limekuja kuomba kazi. Mtu mzima mwenye familia, lakini kicheko kile kilimla ndani kwa ndani.

Basi siku moja akaingia kwa fundi wa matairi. Akasema anataka rimu za kutoka nje. Fundi akamletea aina tatu, akazipanga sakafuni, akamweleza vizuri kama mwalimu.

"Hii ya kwanza ni kama yako ya sasa. Hii ya pili, unaona hapa panapofungwa nati? Pameingizwa ndani kidogo, kwa hiyo tairi linasogea nje vidole viwili. Kwenye mteremko gari litasimama vizuri zaidi, wala hutapata shida. Hii ya tatu ni vidole vinne. Kila upande. Mzee, hii ni ya kuangalia sana. Beringi zitachoka mapema, na gari litakuwa pana kuliko unavyolizoea. Wewe unapita wapi na gari lako?"

Wapendwa, lile lilikuwa swali la kiungwana, nalo lilikuwa na jibu fupi. Angesema tu: napita juu ya magogo mawili. Fundi angezirudisha zile za tatu ukutani, hadithi yangu ingeishia hapo, nanyi mngewahi nyumbani.

Dereva akajibu, "Napita barabarani kama watu wengine. Nifungie hizo za vinne."

"Za zamani nikuwekee nyuma?"

"Za nini tena? Mpe anayezitaka."

Alilipa kwa fedha yake mwenyewe. Aliporudi zahanati muuguzi akampongeza, akasema sasa gari limekaa kama gari. Hata mimi ningempongeza. Nani angejua?

Yeye alijua. Wiki ile ile alipeleka chanjo ng'ambo. Akafika kwenye daraja, akashuka, akainama, akaangalia. Matairi ya zamani yalikuwa yakikaa katikati ya gogo. Haya mapya yalikuwa yamening'inia, karibu nusu ya tairi iko nje, hewani, kushoto na kulia. Ilikuwa kiangazi, magogo makavu. Alivuka polepole, shati limelowa mgongoni, akavuka. Kurudi vilevile. Akajiambia, "Nitaongea na seremala tuongeze ubao pembeni." Akasema kweli kabisa kwamba ataongea naye.

Lakini aongee naye vipi? Angeanza na neno gani? Seremala angeuliza, "Kwani gari limenenepa?" Watu wangecheka, na yeye kicheko alikuwa amekilipia fedha ili kiishe. Akanyamaza.

Mwezi uliofuata wakakutana kwenye msaragambo kabla ya mvua, kama desturi yao. Walizibua mitaro, wakafyeka njia, na mwisho mwenyekiti wa kitongoji akasimama juu ya daraja lenyewe akauliza kama anavyouliza kila mwaka, "Kuna mwenye neno kuhusu daraja? Aseme sasa, watu wapo, mapanga yapo, misumari ipo."

Seremala akasema magogo ni mazima. Mwenyekiti akamgeukia dereva, maana yeye ndiye anayelipita kwa magurudumu. "Na wewe, dereva? Gari linapita vizuri?"

Watu arobaini walikuwa wanamtazama. Mbao zilikuwa pale pale, zimeegemezwa kwenye mgomba. Kazi ya saa moja tu.

"Linapita," akasema dereva.

Mficha uchi hazai. Wahenga hawakusema hivyo ili tucheke. Walisema kwa sababu walikwisha kumzika mtu.

Mvua zikaja. Na alasiri moja, mvua ya siku tatu ikiwa bado inanyesha, simu ikalia zahanati. Ng'ambo kule mwanamke alikuwa amejifungua nyumbani, mtoto mzima, lakini kondo la nyuma lilikuwa halijatoka na damu haikatiki. Mume wake ndiye aliyepiga. Muuguzi akamwambia dereva, "Kamlete haraka, mimi naandaa dripu. Ukienda na kurudi kwa saa moja na nusu, tutamwokoa." Dereva alimjua mwanamke yule. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwita shemeji, na mtoto wake mkubwa alipoungua uji ni gari hili hili lililomwahisha. Aliondoka mbio, tope likiruka mpaka kwenye vioo.

Akafika darajani. Magogo yalikuwa yanang'aa kwa maji, na ukungu umeanza kuota juu yake. Hakushuka kuangalia, kwani alikuwa anajua. Akaingiza magurudumu ya mbele. Hatua moja. Hatua mbili. Ya tatu, gurudumu la kulia likateleza nje, gari likainama, tumbo lake likagonga gogo kwa kishindo, na yeye akaona maji ya mto kupitia dirishani, chini, mekundu. Akarudisha nyuma. Sijui ni kwa neema gani alirudi nchi kavu. Akajaribu tena. Gurudumu lilikataa hata kabla ya hatua ya kwanza.

Akakaa kwenye usukani. Akachukua simu, akampigia mume.

"Mleteni huku. Mbebeni mje naye darajani, nawasubiri."

"Kumbeba? Mbona wewe huji? Shemeji, damu ni nyingi, nakwambia ni nyingi!"

Na hapo, wapendwa, ndipo alipolitamka neno ambalo limenifanya niwasimulie habari hizi.

"Daraja limeharibika," akasema.

Ng'ambo wakaanza kuhangaika. Machela haikuwepo. Tangu gari lije, miti yake walikuwa wameifanya banda la mbuzi. Wakatafuta kitanda cha kamba, wakafunga miti pembeni, wakamlaza, wakamfunika turubai, wakaanza kushuka. Njia ambayo gari huimaliza kwa dakika arobaini iliwachukua zaidi ya masaa matatu, kwenye tope la magotini, mama mkwe akifuata nyuma na kichanga kifuani chini ya kanga.

Mtauliza, na dereva muda wote huo alikuwa wapi? Mbona hakuvuka kwa miguu akapanda kuwapokea? Miguu alikuwa nayo. Mabega alikuwa nayo. Alifika hadi katikati ya daraja kwa miguu, mara mbili, na mara mbili akarudi. Kwa sababu akikutana nao njiani wangemuuliza, daraja limekuwaje? Na yeye alitamani, Mungu amsamehe, alisimama kwenye mvua akitamani kwa moyo wote kwamba gogo moja lingechukuliwa na maji, ili awe amesema kweli. Fikirini mtu anaombea daraja lianguke, na mgonjwa wake yuko njiani kuja kulivuka.

Wakatokea kwenye kona. Wanaume sita na kitanda, seremala akiwa wa mbele upande wa kulia. Hawakuwa wanakimbia tena. Dereva alipoona hawakimbii, akajua.

Wakavuka. Sikilizeni vizuri: walivuka juu ya magogo yale yale, sita pamoja na kitanda, watatu gogo hili na watatu gogo lile, hatua kwa hatua, na daraja halikutikisika. Wakasimama upande wa pili, maji yakiwachuruzika. Mume akageuka, akalitazama daraja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akamtazama dereva.

"Limeharibika wapi?"

Dereva akaligeukia gari lake.

Seremala alikuwa ameshayaona matairi. Alilitazama lile pengo kati ya bodi na tairi kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya msiba iliyoandikwa kwa mwandiko anaoujua.

Dereva akakimbia nyuma ya gari, akafungua mlango, akakunja kiti, akatandika blanketi. "Mleteni," akasema, "nitamfikisha, mleteni tu, nitampeleka mimi..."

Mume akasema, "Funga mlango wako. Tumeshazoea."

Wakakiinua kitanda tena mabegani, wakalipita gari, wakaendelea na safari kwa miguu. Mama mkwe akapita wa mwisho na kile kichanga, na kichanga kilikuwa kinalia kwa njaa.

Sasa nawajua. Mtatoka hapa mkasema, leo mchungaji kahubiri juu ya rimu. Fungeni rimu mnazozipenda, mimi sina ugomvi na fundi wa mtu. Kutamani kuonekana mpana ni ugonjwa wa watu wengi, nami sijapona. Na hilo la rimu lilikuwa na dawa. Lilikuwa na dawa siku ile ya msaragambo, mbao zimeegemezwa kwenye mgomba, na watu arobaini waliokuja kwa hiari yao wakiuliza. Wangecheka, ndiyo. Wangecheka robo saa, halafu wangepigilia misumari, na mwanamke yule leo angekuwa anamnyonyesha mwanawe.

Je, si sisi? Si sisi tunaosema jumuiya imekufa, wakati wenzetu sita wanakutana kila Jumatano na kuchukuliana mizigo? Jumuiya haijafa. Ni sisi tuliopanuka, hatukai tena kwenye mkeka wa mtu. Baba anasema watoto wa siku hizi hawaambiliki. Umewaambia lini? Mwingine hajaenda kwao miaka saba, mama yake ni mgonjwa, ukimuuliza anasema njia ya kwetu mbaya sana wakati wa mvua. Ndugu yangu, gari la maziwa linapita njia hiyo kila siku! Mke na mume wanalala wamepeana migongo, kila mmoja anasema ndoa ndiyo iliyoharibika, kana kwamba ndoa ni gogo lililojiozea lenyewe huko mtoni.

Tunalisingizia daraja. Lile tulilojengewa kwa kipimo chetu, na watu walioitoa miti yao ya mwisho kwa ajili yetu.

Sitawaombea leo mwisho wa ibada. Nitanyamaza kidogo, na kila mmoja amfikirie mtu wake aliye ng'ambo, anayeamini bado kwamba unakuja. Ukitoka hapa mpigie simu. Umwambie, daraja ni zima, mimi ndiye nisiyeweza kupita, njooni mnisaidie. Atakasirika, na pengine atakucheka. Lakini mwambie mapema, wakati damu bado haijaanza kutoka.