Njuga za Nakijwa

Paukwa!

Pakawa!

Giza!

La milimani!

Basi hapo kale palikuwa na binti akiitwa Nakijwa. Aliishi na mamaye, wawili tu, nyumba ya mwisho kabla ya msitu.

Msituni kulikuwa na zimwi. Zimwi hilo liliweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Ndiyo maana kijiji kikawa na desturi: anayetumwa usiku anafungwa njuga miguuni. Ukisikia chaka, chaka, chaka, ni mtu wenu, fungua. Usiposikia, usifungue, hata aliye nje akimtaja babu yako.

Siku moja mama akashikwa na homa. Dawa iko ng'ambo ya msitu, kwa mganga Senzighe. Wanaume wakaombwa waende. Huyu mguu unamuuma, yule mkewe kamkataza, yule mwingine kajifanya amelala na huku kope zinamchezacheza. Nakijwa akajifunga njuga mwenyewe.

Mama akamwambia, "Mwenge uache, mwanangu. Ukibeba mwenge utauona mwenge tu. Kimbia kwa nyayo. Mimi nitakesha nasikiliza njuga zako."

Akakimbia. Chaka, chaka, chaka. Giza zito, hata mkono wake hauoni. Lakini nyayo ziliona. Tope la baridi likapenya vidoleni, akajua yuko kijitoni. Mizizi ikamgonga, akajua yuko chini ya miti mikubwa. Utando wa buibui ukamnasa usoni, akajua hakuna aliyetangulia. Ukungu akaumeza kama maji, mbavu zikamchoma, moyo ukamdunda masikioni. Akafika. Akapewa dawa ndani ya kibuyu, akageuka.

Basi njiani akasikia hatua nyuma yake. Akisimama, zinasimama. Akienda, zinakwenda. Na harufu ya ngozi mbichi iliyolowa.

Zimwi likaita kwa sauti ya mama, "Nakijwa, pumzika, mwanangu." Akakimbia. Chaka, chaka, chaka.

Likaita kwa sauti ya mganga, "Nakijwa, rudi, dawa siyo hiyo." Akakimbia. Chaka, chaka, chaka.

Mara ya tatu likaita kwa sauti yake yeye mwenyewe, taratibu, kama mtu anayewaza. "Njuga hizi ndizo zinazolileta. Nikizitupa, litanipoteza."

Nakijwa akadhani ni moyo wake unasema. Akazifungua, akazirusha bondeni. Akazisikia zikianguka, kisha kimya. Hatua nyuma yake zikaondoka.

Akafurahi. Akakimbia kimyakimya, kibuyu kifuani.

Mara akasikia mbele yake, chini kabisa, karibu na kijiji: chaka, chaka, chaka.

Nakijwa akakimbia kama ambavyo hajapata kukimbia. Akaanguka, kibuyu akakiinua juu. Mawe yakamchana magoti, hakuyasikia. Alichosikia ni zile njuga, kisha hakusikia tena.

Akakuta mlango wazi. Kitanda kitupu. Njuga ziko sakafuni, zimelowa.

Akakimbilia kwa jirani, Mama Mbonea, akagonga.

Mama Mbonea akasema ndani, "Nakijwa keshaingia kwao. Njuga tumezisikia. Na mamaye tumemsikia akicheka kwa furaha, akaenda kufungua mwenyewe na homa yake."

"Mama Mbonea, ni mimi. Mimi niliyekuchotea maji ulipojifungua."

"Zimwi linajua mengi. Nenda zako."

Akagonga nyumba ya pili. Akagonga ya tatu. Hakuna aliyefungua.

Asubuhi wakamkuta kizingitini kwao, kibuyu mapajani, hata tone halijamwagika. Wakalia, wakamletea uji, wakamwomba radhi. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Basi masika yakapita. Usiku mmoja mtoto wa Mama Mbonea akashikwa na homa ileile. Wanaume, miguu ikawauma tena. Mama Mbonea akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kwa Nakijwa, akagonga.

"Mwanangu, utukimbilie dawa. Njia ya gizani unaijua wewe tu."

Kimya.

"Nakijwa, ni mimi. Mtoto anawaka moto."

Nakijwa akasema ndani, "Sisikii njuga."

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni, na mlango umefungwa. Basi wajukuu zangu, mtu aliyewakimbilia gizani, akirudi mfungulieni, hata kama miguu yake hailii.